Daftari la tizi: nyie mnaandika nini hasa mpaka likawasaidia?

Kifua_Mbele

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wale waliopiga chuma muda mrefu.

Mimi nafanya tizi kwenye jimu moja ya mtaani huku Temeke, jimu ya kawaida tu, benchi mbili, kebo moja, pleti zimechakaa maandishi na feni la ukutani ambalo likiwaka linapuliza kila mtu isipokuwa aliyeko kwenye benchi, ila kazi inafanyika. Nina kaunta buku la kwaya mbili naandika kila nikimaliza, siachi hata siku moja. Sasa juzi jamaa yangu akaniuliza, vipi benchi lako (chuma unachosukuma ukiwa umelala kwenye benchi) limepanda tangu Ramadhani iishe au lipo palepale? Nikafungua daftari nimjibu, nikapekua weee, jibu hakuna. Kurasa zimejaa lakini hazisemi kitu. Mfano huu hapa nimenakili kama ulivyo:

"Jumatatu. Kifua na traisepu. Benchi 80 seti 4. Dambeli kulala seti 3. Kebo. Pushapu mpaka nichoke. Leo poa sana."

Wiki inayofuata hivyohivyo, benchi 80 seti 4, ila mwisho "leo mzito". Ndo hivyo kurasa zote, 80, 80, 80, poa, mzito, poa.

Sasa nyie wenzangu mnaandika nini? Na je nihamie kwenye apu ya simu au nibaki na daftari? Watu wa jimu wananiambia apu ndo mpango mzima ila simu yenyewe kule ndani naogopa, ukiigeuzia mgongo imeshapata mwenyewe mpya.

Naomba kuwasilisha.

mzee_wa_seti

Mkuu tatizo lako liko kwenye mstari mmoja tu. "Benchi 80 seti 4." Seti 4 za ngapi? Maana inaweza kuwa 8, 8, 8, 8 na inaweza kuwa 8, 5, 3 na ya mwisho wamekutolea chuma shingoni, zote kwenye daftari lako ni "seti 4". Ndo maana hujui kama unapanda au unashuka.

Andika repu za kila seti, yaani umesukuma mara ngapi, basi. Mimi mstari wangu unakaa hivi:

Benchi 80: 8, 7, 6, 5 (pumz dk 3)

Jumla hapo repu 26. Wiki inayofuata uzito uleule 80 nikapata 8, 8, 7, 5, jumla 28. Kwa mtu anayeangalia uzito tu nimesimama palepale, lakini zidisha uone, 80 mara 26 ni kilo 2,080 na 80 mara 28 ni kilo 2,240, nimesukuma kilo 160 zaidi kwa siku hiyohiyo moja. Kwahiyo inawezekana kabisa hujakwama mkuu, unapanda ila daftari lako linakuficha.

Nikishafika 8, 8, 8, 8 ndo naongeza kilo 2 na nusu, yaani vile vipleti vya kilo 1.25 kimoja kila upande. Repu zitashuka tena labda 7, 6, 6, 5, hapo usishtuke, ndo inavyotakiwa, unaanza kupanda upya ukiwa na 82.5.

Na hiyo pumz usiidharau. Ukipumzika dakika 3 wiki hii halafu wiki ijayo unapumzika dakika 1 kwa sababu kuna foleni ya benchi, repu zitaanguka na utadhani umepungua nguvu kumbe umepungua muda tu.

Jambo lingine, nyie mnaoandika baada ya kumaliza mnaandika historia. Andika KABLA. Usiku au ukiwa kwenye daladala fungua ukurasa, angalia ulifanya nini mara ya mwisho, andika unachotafuta leo. Ukifika jimu unajaza tu pembeni umepata ngapi. Hata ile kuzurura kati ya mashine huku unafikiria nifanye nini sasa inaisha yenyewe.

Chuma_Hakisomi

Jamani mbona mnafanya chuma kama mtihani wa taifa 😂😂 mimi mtaani kwetu kuna mzee kajengeka kifua kama kabati la nguo na hajawahi kushika peni tangu aache shule. Makuli wa bandarini wanabeba magunia toka asubuhi, wana daftari wale? Piga chuma mpaka mwili ukatae, kula ugali wa kutosha na maharage, lala. Mwili una akili kuliko kaunta buku.

mzee_wa_seti

Makuli unaowasema wana karani amesimama pale getini na peni sikioni anahesabu kila gunia mkuu, maana wanalipwa kwa gunia. Daftari lipo, ila analo mtu mwingine 😂

Ila nakubaliana na wewe kidogo, anayeanza kabisa anaweza akapanda bila kuandika chochote, mwili wa mgeni unaitikia kila kitu. Shida inakuja pale ule urahisi wa mwanzo unapoisha, faida inakuwa repu moja moja na repu moja hakuna kichwa kinachoikumbuka wiki nzima.

binti_chuma

Habari zenu. Mimi nafanyia nyumbani uani, vyuma vyangu ni vya zege, yaani makopo ya rangi tumejaza zege na bomba limepita katikati, najua wengi humu mmeanzia huko msijifanye. Kwahiyo shida yangu ya daftari ilikuwa ya chini zaidi ya hiyo ya kaka hapo juu, nilikuwa sijui hata nanyanyua kilo ngapi. Naandika "makopo madogo" "makopo makubwa" kama mtu anayepanga stoo.

Nilichofanya nikayapeleka kwa jamaa anayenunua vyuma chakavu maana ana mzani ule mkubwa, nikampa buku (elfu moja) akanipimia moja moja (na alitaka kulinunua bomba kabisa, nikamwambia bomba haliuzwi). Sasa ngoja niwaambie kitu. Makopo mawili ya lita 4, yamejazwa siku moja na fundi yuleyule, moja kilo 9 jingine kilo 8 na robo. Lita moja ya zege ina kilo 2 na ushee, ila inategemea fundi kaweka kokoto kiasi gani na kashindilia vipi, kwahiyo yakifanana kwa macho hayajafanana kwa mzani. Na mimi nilikuwa nalalamika kila siku mkono wa kushoto dhaifu, kumbe kushoto ndo lilikuwa linakaa kopo zito! Nimeyaandika uzito kwa rangi nyekundu juu yake, sasa daftari langu lina namba.

Kingine kwa akina dada, na hata kaka wenye mabega madogo, kuongeza kilo 2 na nusu kwenye presi ya bega (kusukuma chuma juu ya kichwa) ni kubwa sana. Kama unasukuma 25 ukaenda 27.5 hiyo ni asilimia 10 nzima kwa mpigo, ndo maana unakwama hapo unazeeka. Maji ya lita moja ni kilo moja, kwahiyo chupa ya nusu lita ikijaa maji ni nusu kilo na kidogo cha chupa yenyewe. Nafunga moja kila upande kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unaubana kabisa isiningʼinie maana ikicheza inakuvuta bega, hapo nimepanda kilo moja badala ya 2 na nusu. Kwenye daftari naandika "25 + ch2", maana yake chupa mbili.

Halafu pembeni kabisa ya ukurasa naweka siku ya mzunguko wangu. Kuna siku skwati (kuchuchumaa na chuma) inakuwa nzito bila sababu, nikiangalia nyuma naona na mwezi uliopita ilikuwa siku zilezile. Nisingeandika ningekuwa kila mwezi nabadilisha programu.

Kifua_Mbele

Dada binti_chuma hiyo ya chupa za maji umetisha, kesho naijaribu. Na hiyo ya mzani imenipa wasiwasi maana pleti za jimu yetu zimetoka kila kona ya dunia.

Kaka_wa_Ohio

Mkuu kama pleti zenu ni mtumba kuwa makini na hizi zetu za Marekani. Huku nipo Columbus kila kitu ni pauni na nyingi zikichoka zinauzwa zinasafirishwa. Pleti ikiandikwa 45 ni pauni, sawa na kilo 20.4, hiyo haina shida sana ukiichanganya na ya kilo 20 maana tofauti ni kama kipande cha sabuni. Noma ni ile ya 25. Pauni 25 ni kilo 11.3 tu, ikikaa pembeni ya pleti ya kilo 25 na maandishi yamefutika unaweza ukaandika namba ambayo haipo duniani. Gawa pauni kwa 2.2 unapata kilo.

Ukikuta pleti za mashindano zile za mpira hazisumbui, rangi zake zinajulikana, nyekundu kilo 25, bluu 20, njano 15, kijani 10. Ila ziwe za mashindano kweli, siku hizi kuna wanaopaka rangi wanayoipenda.

Na mashine za kebo usiamini kabisa namba yake. Kebo ikipita kwenye roda ya ziada ule mzigo unaousikia mkononi unakuwa kama nusu ya kilichoandikwa, kwahiyo 40 ya jimu hii na 40 ya jimu ile ni vitu viwili tofauti. Mimi naandika na jina la mashine, "kebo ya dirishani 40", nikihama jimu naanza namba upya silinganishi na za zamani.

Kocha_wa_Pwani

Assalaam aleikum nyote. Nimeupitia mjadala, mzuri mashallah, niongezee mawili matatu nikiwa huku Mombasa.

Hebu tuanze na kushikiwa maana naona hapana aliyegusa hilo. Wajua vile vijana hufanya, yuko kwenye benchi, mwenzake amesimama kichwani pake vidole viwili chini ya chuma, apiga kelele "ni wewe huyo! ni wewe mwenyewe! mimi sijashika!", na mgongo wa huyo asiyeshika umekunjika na mishipa ya shingo imemtoka. Kisha kijana aenda kuandika 8. Nane ya nani? Mimi wangu nawaambia waandike 5+3, tano zako, tatu zenu wawili. Wiki ijayo ikiwa 6+2 umepanda, na hapo hapana mtu wa kukudanganya.

La pili ni ulibakisha ngapi. Seti ya repu 8 uliyoweka chini huku ungeweza mbili zaidi si sawa na ile uliyoimaliza miguu ikirusharusha. Mwisho wa seti jiulize kweli, ningeongeza ngapi? Andika b2, maanake nimebakisha mbili. Ukiona 80 mara 8 ilikuwa b0 na sasa ni b2, ongeza uzito, wangoja nini. Na ukiona kila seti ya kila siku ni b0 b0 b0, huyo anatafuta jeraha. Haya maneno ya "poa" na "mzito" ndiyo hayo hayo, tofauti ni kwamba b2 waweza kuilinganisha na mwezi ujao na "poa" huwezi.

Kuna hesabu moja ndogo pia ya kulinganisha siku zisizofanana, yaitwa ya Epley. Chukua repu ugawe kwa 30, ongeza 1, zidisha na uzito. Ukisukuma 80 mara 8 yatoka kama 101. Ukisukuma 85 mara 5 yatoka kama 99. Kwa hiyo yule wa 80 mara 8 ndiye alikuwa na siku bora ijapokuwa chuma chake ni chepesi. Ni makadirio, repu zikipita 10 yaanza kupotea, na sikwambii uende ukajaribu hiyo 101 kesho, tafadhali.

Na huyu ndugu asemaye tunafanya chuma kama mtihani wa taifa, haya yalianzia hospitali. Thomas DeLorme alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa mnyanyuaji vyuma. Mwaka 1945 aliandika jinsi alivyokuwa akiwapa vyuma vizito askari walioumia miguu, wakati ambapo mtindo ulikuwa mazoezi mepesi mepesi. Alitafuta mzigo ambao mgonjwa auweza mara 10 na asiuweze ya 11, na nguvu zikirudi mzigo wapanda. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Watkins wakaupunguza uwe seti 3 za 10, ya kwanza nusu ya mzigo, ya pili robo tatu, ya tatu mzigo wote. Hizo "tatu za kumi" tunazopiga kila mahali mtu haulizi zatoka wapi. Sasa niambie, bila kuandika angejuaje mgonjwa gani apandishwe na kwa kiasi gani?

Ramadhani nayo itengee alama yake. Wangu wengi hufanya baada ya futari kabla ya tarawehe au baada yake, usingizi ni mfupi, maji ni ya kukimbizana nayo mpaka daku. Namba zitashuka, na Shawwal, mwezi unaofuata, zarudi kwa wengi. Asiyetia alama atakuja kuzisoma baadaye adhani alikuwa mgonjwa. Kijana wetu hapo juu yule jamaa yake alimuuliza swali zuri, ila kulinganisha na Ramadhani yenyewe ni kujipendelea, linganisha na Rajab au Shaaban, miezi miwili ya kabla yake.

Kifua_Mbele

Shikamoo kocha. Hiyo ya mshikaji asiyeshika nimecheka kwa sauti, huyo mtu namjua kabisa na yupo jimu kwetu.

Kocha_wa_Pwani

Marahaba mwanangu. Yupo kila jimu.

excel_na_jasho

Nimechelewa. Kuhusu apu: nzuri kwa kuchora grafu na kukupigia kengele ya kupumzika. Ubaya nyingi bure ni kwa kiasi tu, ukizidisha programu au ukitaka kuona ya nyuma sana inadai ulipie kila mwezi kwa dola, na simu ikiibiwa kama hukufungua akaunti vyote vimeondoka. Mimi nina daftari jimu, Jumapili naingiza kwenye Google Sheets, safu nne tu, tarehe, zoezi, uzito, repu. Kama uvivu basi piga picha kurasa za wiki ujitumie mwenyewe WhatsApp. Daftari nalo linalowa jasho, wino wa peni unavuja, tumia penseli.

Na seti za kupasha mwili msiandike, mtajaza kaunta buku kwa bomba tupu. Maumivu ndo muandike, hata neno moja, "bega k" yaani bega la kushoto. Mimi niligundua kwa kurudi nyuma kwamba bega linauma kila wiki niliyopiga dipsi (kujishusha na kujiinua kwa mikono kati ya vyuma viwili) na benchi siku moja. Nikazitenganisha, limenyamaza.

Kifua_Mbele

Wakuu mrejesho. Leo nimeenda mapema kabla watu hawajajaa, nikamwomba meneja mzani wa bafuni ule wa kupimia watu, nikasimama mikono mitupu halafu nikasimama na chuma mkononi, nikatoa. Pleti ziko sawa kwa ujumla, zile za 45 ni pauni kama alivyosema kaka wa Ohio. Kizungumkuti ni mabomba. Tuna mabomba mawili, moja refu la olimpiki lina kilo 20 kweli, lingine alichomelea fundi wa mtaani na kwa macho huwezi kuyatofautisha kirahisi ila lile la fundi lina kilo 13. Kilo saba nzima! Na mimi huwa nachukua lolote lililo wazi. Kwahiyo ile poa na mzito yangu sasa naanza kuielewa.

Ukurasa mpya huu hapa, R ni bomba refu, F la fundi:

Jumatatu, nimelala saa 6
Benchi R 80: 8 b1, 7 b0, 5+1, 5 (pumz dk 3)
Dambeli kulala 22: 10, 9, 8
Kebo ya mlangoni 30: 12, 12, 10
Bega sawa
IJAYO: benchi R 80, natafuta 8, 7, 6, 5 bila kushikiwa

Kuna cha kurekebisha?

mzee_wa_seti

Hapo sasa. Ukurasa huo hata nikiuokota barabarani naweza kukuandalia wiki yako.

binti_chuma

Safi sana kaka. Swali, dambeli 22 ni ya mkono mmoja au zote mbili jumla? Na 6 ni saa sita za kulala au umelala saa sita usiku?

Kifua_Mbele

Dah. Mkono mmoja, kwahiyo 22x2. Na nimelala saa sita usiku, naandika "usingizi masaa 5" hapo hapo.